Ploti Inayogusa Maji Dunga: Kwa Nini Tunatoza Ada Kabla Hujamlipa Mwenye Shamba

"Mnanitoza shilingi 12,000 kuangalia ploti, halafu mnaniambia nisiinunue. Tofauti yenu na madalali wa barabarani ni ipi?" Sisi ni mawakala wa ardhi hapa Kisumu, na tumeandikiwa hivyo mwezi huu na mteja aliyeudhika kweli kweli. Si yeye wa kwanza. Kila watu wanaporudi likizo kutoka Nairobi na ng'ambo, lalamiko ni lile lile, kwa hiyo tunajibu hapa kwa kirefu ili tusibishane tena kwenye simu.

Wanaotaka ploti Dunga wanataka kuamka wakiliona ziwa. Hatuwalaumu. Kutoka katikati ya Kisumu ni safari fupi ya tuktuk, na asubuhi samaki, mbuta na ngege, wanashushwa ufukweni mbele ya macho yako. Lakini mtaa wenyewe ni mdogo na ploti za mbele ni za kuhesabika. Penye ploti chache na wanunuzi wenye haraka, utakuta mtu ameshika kamba ya katani anapima tangu pale maji yalipoishia siku hiyo, anasema, "Hii inagusa maji."

Inagusa maji ya leo. Ziwa Victoria halikai mahali pamoja. Mvua kubwa zilizoanza 1961 zililipandisha hadi 1964 wazee wakahama, na 2020 likarudi kule kule juu, likaingia mashambani na kwenye nyumba za watu. Mwaka 2024 likapanda tena. Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inalihesabu ziwa kuwa ardhi ya umma, na ukanda wa kando yake hupimwa kuanzia kiwango cha juu kabisa ambacho maji yamewahi kufika. Kwa hiyo anayekupimia kutoka ukingoni wakati wa kiangazi huenda anakuuzia mali ya umma, tena bila yeye mwenyewe kujua.

Tuna mteja aliyenunua kwa kamba kabla ya 2020. Mashahidi walikuwa binamu ya muuzaji na mzee wa mtaa, wakaandikiana karatasi, soda zikanywewa. Akajenga kibanda cha kupumzikia upande wa ziwani, maana mandhari ya nyuma hakuyapenda, akachimba na tangi la maji taka huko huko. Maji yalipokuja, kibanda kikazama hadi kwenye paa la makuti, mafunjo yakaota ndani ya ua, na kiboko akawa anakula usiku pale mteja alipokuwa amepanda nyasi. Maji yaliposhuka ndipo akatuita. Savea, yaani mpima ardhi, alipoweka ramani ya usajili chini na kutafuta mipaka, ploti yake ya halali ilianzia nyuma ya kibanda. Sehemu aliyoilipia ghali zaidi haikuwa kwenye hati hata kidogo. Gharama ya wakili na savea katika kusafisha jambo lile ingelipa ada yetu mara nyingi, na kibanda hakikurudi.

Hiyo 12,000 inakwenda wapi? Tunafanya upekuzi wa hati kwenye ofisi ya ardhi, tunachukua ramani, kisha savea mwenye leseni anakwenda na msaidizi wake kutafuta mawe ya mipaka. Huku kwetu mashamba mengi yaliandikishwa kwa mipaka ya jumla. Ramani inakuonyesha mpaka kwa makadirio, na kinachoonekana ardhini ni ua wa miti ya ojuok ambao jirani anaweza kuwa ameusogeza mwaka baada ya mwaka. Mkigombana, mahakama haisikizi kesi mpaka msajili wa ardhi athibitishe mpaka kwanza. Afadhali ugomvi huo uujue ukiwa bado na pesa mfukoni.

Halafu tunakwenda tena, mvua ikiwa imenyesha. Hapa ndipo wateja wanatuona wasumbufu. Udongo wa upande wa Nyalenda hadi Dunga ni ule mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na maji ya chini yako karibu sana. Picha za simu za mwezi wa Januari hazionyeshi hilo. Mama mmoja mfanyabiashara alitukataza kurudi mara ya pili, akasema amekwisha kuona vya kutosha. Fundi wake akamwekea msingi wa kawaida kama wa mtaa wa Mamboleo, kusiko na udongo huu. Nyumba ilipasuka kutoka dirishani hadi kwenye lenta, na shimo la choo likawa linajaa lenyewe mvua za masika zikianza, kabla hata mpangaji hajaingia. Kuchimba ule udongo na kuutoa, kujaza mawe na moramu, kumwaga zege yenye nondo za kutosha: hayo yote yalifaa yawe kwenye hesabu kabla ya kukubaliana bei na muuzaji. Ukiyajua mapema, unashusha bei. Ukiyajua baadaye, unamlipa fundi mwingine.

Njia ya mkato inayotuchosha zaidi, hata hivyo, ni ya karatasi. Mnunuzi anaonyeshwa hati, hati ni halisi, anafurahi. Jina lililoandikwa ni la babu aliyezikwa pale pale chini ya mwembe. Watoto wa nyumba kubwa wamekubali kuuza. Wa nyumba ndogo hawajaambiwa. Bila urithi kupitia mahakamani hakuna wa kukusainia uhamisho, na kuthibitishwa kwa urithi huchukua miezi 6 kwa uchache, tena kama hakuna anayepinga. Ndiyo maana tunauliza makaburi ni ya nani na mke wa muuzaji yuko wapi. Si umbea. Bila idhini ya mwenzi wa ndoa uuzaji unaweza kuvunjwa. Na kama hati bado inasomeka ya kilimo, lazima idhini ya bodi ya ardhi iombwe ndani ya miezi 6 tangu mkataba, ama karatasi mliyoandikiana inabaki karatasi tu.

Wapo pia wanaotuomba tuandike bei ndogo ili ushuru wa stempu upungue. Mjini ni asilimia 4, mashambani 2. Hatuandiki. Mthamini wa serikali anathamini mwenyewe, na siku ukidai pesa zako zirudi mahakamani, utadai kwa bei ipi? Ile uliyolipa au ile uliyoandika?

Kwa walio ng'ambo, jambo dogo: ukiwa umeukana uraia wa Kenya, hutapata ardhi ya kudumu, utapata ukodishaji usiozidi miaka 99. Uraia pacha unaruhusiwa tangu 2010, kwa hiyo tengeneza hilo kwanza.

Kuhusu maisha yenyewe, ushauri wetu haujapendwa na wauzaji: panga nyumba Dunga kwanza, upitishe msimu mmoja wa mvua. Uwaone sami, wale wadudu wadogo wa ziwa, wakitoka ziwani kama moshi na kujaa kwenye taa zote, usikie muziki wa Jumamosi, uone jinsi gugu maji linavyofunga ufukwe na kuondoka na upepo. Wengine wanapanga, wanapenda, wananunua. Wengine wanahamia kilima cha Riat, wanaliona ziwa lote kutoka juu, na kiboko hapandi kilima. Huko mzigo ni kuvunja mwamba na kupandisha maji. Tunauza pande zote mbili, kwa hiyo hatuna sababu ya kukudanganya.

Ukinunua kupitia kwetu, ile 12,000 tunaikata kwenye kamisheni. Usiponunua hairudi, kwa sababu savea ameshatembea na ofisi ya ardhi imeshalipwa. Leta namba ya ploti, nakala ya hati na ya kitambulisho cha muuzaji, na uje mwenyewe siku ya kutembea mipaka au umtume ndugu asiye na haya ya kuuliza. Jumapili hatupimi, majirani tunaowahitaji wathibitishe mpaka wako kanisani.