Mjomba, lile kasha lako nimelifungua

Mjomba, shikamoo.

Barua hii naiandika hadharani kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikimtaja tu Louis Armstrong, yule mpiga tarumbeta na mwimbaji wa jazi wa Marekani, na nyimbo za Kifaransa alizoziimba kwa Kiingereza, unanikata: "Tafsiri hiyo, mpwa wangu, tafsiri tupu!" Basi leo utanisikiliza mpaka mwisho.

Kasha la santuri ulilotuachia ulipohama Tanga nimelifungua. Nyingi zimepona. Ile ya Armstrong ina ufa mwembamba kutoka ukingoni, kwa hiyo kila ikizunguka inagonga tak, mara 78 kwa dakika moja. Ukiigeuza, mambo ni yale yale, ufa umepita pande zote mbili. Nimeisikiliza hivyo hivyo wiki nzima.

Upande mmoja una C'est si bon, wa pili La vie en rose. Zote zilirekodiwa siku moja, 26 Juni 1950, na bendi ya Sy Oliver. Vaa miwani ulitazame hilo jina la Oliver. Huyu ndiye aliyekuwa akiipangia muziki bendi ya Jimmie Lunceford, kisha ya Tommy Dorsey: tarumbeta ziingie wapi, saksafoni zinyamaze wapi, mwimbaji asubiri kiasi gani. Maneno ya La vie en rose ni ya mwimbaji Mfaransa Édith Piaf, na muziki uliandikishwa kwa jina la Louiguy. Hapo sikupingi. Lakini sikiliza sahani yenyewe. Tarumbeta inaimba wimbo taratibu, piano ikidondosha noti nyuma yake, na karibu nusu ya upande imekwisha kabla Armstrong hajafungua mdomo. Upande wote ni dakika tatu na kitu! Nani anamwalika mgeni wa heshima halafu anamweka barazani muda wote huo? Anapoingia na maneno ya Kiingereza ya Mack David, habari yenyewe imeshasemwa. Sasa niambie, tarumbeta imetafsiri neno gani?

Kwenye La mer nakupa haki yako. Wimbo huo wa Mfaransa Charles Trenet hauna mpenzi ndani yake. Una bahari: mng'ao wa fedha juu ya maji, mvua, ndege weupe. Mtu wa Tanga anauelewa hata kama Kifaransa hakijui. Akaja Jack Lawrence na maneno ya Kiingereza, akamweka mpenzi anayesubiri ng'ambo, ukawa Beyond the Sea. Bahari ikabaki njia tu ya kumfikia mtu. Ile ilikuwa hasara, nakubali.

Ila usiishie kwenye maneno. Mwimbaji Mmarekani Bobby Darin alipoutoa mwaka 1959, aliyepanga vyombo alikuwa Richard Wess. Darin anaanza kwa upole, bendi inapanda kidogo kidogo, na katikati mwimbaji ananyamaza kabisa, ngoma na tarumbeta zinashika pwani yote. Hayo ni maji kujaa, Mjomba. Bahari ambayo Lawrence aliiondoa kwenye maneno, Wess kairudisha kwa matarumbeta.

Imebaki sahani ya Duke Ellington, kiongozi wa bendi ya jazi, iliyorekodiwa 1957, Ellington Indigos, yenye wimbo wa Joseph Kosma na Jacques Prévert, Les feuilles mortes. Kifaransa kinasema majani yaliyokufa. Johnny Mercer, aliyeandika maneno ya Kiingereza, akayaita majani ya vuli, Autumn Leaves, kana kwamba kutaja kifo kungefukuza wateja. Ellington alifanya nini? Alimwacha Ozzie Bailey aimbe kwa Kifaransa kisha kwa Kiingereza, ndani ya sahani ile ile, na Ray Nance akapiga fidla. Nikiisikiliza nakuona wewe na mimi tunabishana, na yule wa fidla ameamua kutotusikiliza.

Hiyo haina hata mkwaruzo. Kwa basi siitumi, njoo uichukue mwenyewe. Na ukija, niletee sindano za gramafoni, zimebaki mbili.

Mpwa wako