Mafundi, msichome mabaki ya vitenge

Mhariri, naomba nafasi niongee na mafundi cherehani wa Kariakoo na kwingineko, maana inaniuma kweli nikiona viroba vya vipande vya vitenge vinamwagwa jalalani au vinatiwa moto jioni, na hapo vingi ni pamba safi kabisa.

Jamani hiyo ni mali! Kata miraba ya inchi 5, unganisha na kitambaa cha rangi moja, unapata foronya, kishikio cha sufuria, hata blanketi la kichanga. Na mkoba wa sokoni je, tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku 2019 nani hauhitaji? Hiyo rangi moja msiidharau, kitenge kwa kitenge vikibanana maua yanagombana jicho halijui litulie wapi, weka nyeusi au nyeupe katikati uone vinavyong'aa. Ila fua kwanza, vingine vinachuja rangi. Mshono acha robo inchi, na pasi piga kila ukimaliza safu usisubiri mwisho, hapo ndo wengi kazi inawaharibikia inatoka na mikunjo. Kishikio cha sufuria ndani weka taulo kuukuu, sponji hapana, itayeyuka na moto.

Ombi langu mtenganishe pamba na poliesta, halafu hiyo pamba wapeni vijana wanaojifunza ushonaji hata kwa bei ya kutupa, maana anayejifunza anahitaji kitambaa cha kukosea bila kuogopa hasara, na kitenge kizima wengi hawana hela ya kununua.

Msomaji wako,
Temeke, Dar es Salaam