Mjomba, nilikujibu vibaya kuhusu lile kanisa

Shikamoo mjomba,

Nilipokutumia picha ya kanisa la Chuo Kikuu cha Duke, hapa North Carolina, Marekani, hukuuliza wanasali akina nani mle. Uliuliza, "Fundi wake nani?" Nikajibu harakaharaka: akina Duke, matajiri wa tumbaku. Ukaguna tu, ukasema mwenye pesa si fundi. Basi leo nakujibu upya, tena hadharani, maana tulioteleza hapo tuko wengi.

Pesa kweli zilikuwa za James B. Duke. Mwaka 1924 aliweka dola milioni 40 kwenye mfuko wa wakfu, na chuo kidogo cha Trinity, chenye asili ya Kimethodisti, kikachukua jina la ukoo wake. Amezikwa humo humo kanisani, kwenye jeneza la marumaru, pamoja na baba yake na kaka yake.

Ila aliyelichora ni Julian Abele, mtu mweusi wa Philadelphia, aliyehitimu usanifu wa majengo Chuo Kikuu cha Pennsylvania mwaka 1902. Alikuwa msanifu mkuu katika ofisi ya Horace Trumbauer, na kazi zikitoka zinatoka kwa jina la bosi. Unayajua hayo kuliko mimi. Ujenzi ulianza 1930, kanisa likawekwa wakfu 1935. Abele akafariki 1950, na Duke ikaanza kupokea wanafunzi weusi 1961. Yaani angetaka kumsomesha mtoto wake pale, asingepokelewa penye kuta alizozichora baba yake.

Kuhusu ukuta sasa, najua ndicho unachosubiri. Jiwe lilichimbwa karibu tu, Hillsborough. Ukilitazama kwa mbali ni kijivu. Ukisogea unaona buluu, kahawia, na rangi ya kutu kama bati lililonyeshewa mvua miaka. Mnara una mita 64. Ndani shingo inauma kwa kutazama matao. Nilipitisha kiganja kwenye kona moja nikakumbuka timazi yako na lile tusi lako ukuta ukipinda. Ule haujapinda.

Jina la Abele lilikuja kuzuka kwa njia ya ajabu. Mwaka 1986 wanafunzi walijenga vibanda vya mabati na mbao mbele ya kanisa kupinga ubaguzi wa Afrika Kusini. Mwenzao mmoja akalalamika gazetini kwamba vibanda vinaharibu uzuri wa chuo. Akajibiwa na mwanafunzi wa ukoo wa Abele: uzuri huo aliuchora babu yetu, naye alibaguliwa katika nchi yake mwenyewe. Hata hivyo ilibidi kufika 2016 ndipo uwanja mkubwa wa mbele ukapewa jina lake.

Mlangoni kuna vidaka, yaani vishubaka vya ukutani, vyenye sanamu za mawe. Wamo Luther na Wesley, waasisi wa Walutheri na Wamethodisti, sawa, ni kanisa. Lakini alikuwemo pia Robert E. Lee, jemadari wa majeshi ya majimbo ya Kusini ya Marekani yaliyopigania utumwa usikomeshwe. Agosti 2017 sanamu yake iliharibiwa usiku, chuo kikaiondoa, na baadaye kikaamua kidaka kibaki kitupu. Watalii wengi hupita bila kukiona. Mimi kila nikienda naanza na hicho.

Na hili utalipenda, wewe uliyejenga misikiti na makanisa kwa mwiko mmoja: Januari 2015 chuo kilipanga adhana ya Ijumaa isikike kutoka mnarani. Vikaja vitisho, mpango ukafutwa. Ijumaa ilipofika, iliadhiniwa chini, mbele ya kanisa.

Nimekutumia picha nyingine kwa simu ya mama, za karibu karibu, za maungio ya mawe pale penye kidaka. Niambie hiyo ni chokaa au saruji, mimi nimeshindwa.

Mpwa wako