Barua kutoka Aizawl

Aizawl, Mizoram, India

Baba, shikamoo. Mimi huku sijambo, hofu na mashaka ni juu yenu. Baridi ya milimani nimeshaizoea.

Uliniuliza kwenye simu Wamizo, wenyeji wa huku, ni watu wa namna gani. Mengi ya zamani yao nimeyapata katika kitabu cha mtu aliyewatawala, ofisa wa jeshi la Uingereza aitwaye John Shakespear. Milima hii ilipofanywa wilaya moja mwaka 1898, mkuu wake wa kwanza alikuwa yeye. Mwaka 1912 akachapisha kitabu juu ya koo zao: ndoa, mazishi, hadithi, hata lugha.

Kuna mahali nimeparudia kusoma. Enzi hizo si kila mtu aliruhusiwa kutoboa dirisha nyumbani kwake. Dirisha lilikuwa la mwenye daraja ya thangchhuah, aliyeipata kwa kuua wanyama waliotajwa na mila, au kwa kulisha kijiji karamu baada ya karamu. Akifa, njia yake ya kwenda Pialral, pepo yao, ilikuwa nyeupe. Wengi wengine walimkuta njiani Pupawla, ambaye kwa imani yao ndiye mtu wa kwanza kufa, na upinde wake wa kurushia vigololi. Aliyepigwa hakuvuka kufika huko.

Nafurahi sana kwamba haya yaliandikwa, maana Wamizo leo karibu wote ni Wakristo, na walioyaishi wameshatangulia. Ila moyo wangu hautulii. Serikali iliyomweka Shakespear ndiyo iliyotoza kodi kila nyumba na kuwashurutisha watu kubeba mizigo. Wewe uliyesimuliwa na Babu habari za kodi ya kichwa, niambie: mzee gani angemfungulia mkuu wa wilaya kila kilichomo kifuani? Kwetu pwani walau Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo aliziandika desturi kwa Kiswahili chake mwenyewe, ingawa aliyezichapisha mwaka 1903 alikuwa Mjerumani, Carl Velten.

Basi nina ombi, Baba. Bibi angali na kumbukumbu nzuri. Mkae naye jioni, mumrekodi kwa simu: matanga ya zamani, mahari ilivyopangwa, shamba liligawiwaje. Msimkatize hata akirudia. Yale ya kike mwachie Mama na dada, nawe utoke kidogo barazani, kwa sababu ukiwapo Bibi hatasema neno.

Wasalimie wote.

Mwanao