Usiwaache wazee wa Pangani gizani

Dar es Salaam

Kwako sahibu yangu,

Salamu nyingi zikufikie huko Tanga, wewe na wote wa nyumbani. Sisi huku hatujambo. Picha zako za wazee wa Pangani nimezitazama na kuzirudia, na yule bibi aliyekaa barazani akiegemea nguzo hanitoki akilini. Nimefurahi mno kusikia unataka kuzitoa kwa nyeusi na nyeupe, kubwa, zitundikwe ukumbini.

Uliniuliza kwa nini zile za majaribio ulizotolewa studio zina ukijani, na kwa nini uso wa bibi umekuwa mweusi tii ilhali kwenye kompyuta unaonekana vizuri. Hilo la pili ndilo lililonichoma. Ila nianze na la kwanza, maana ni jepesi.

Printa nyingi za studio zetu, zile za matanki zinazotoa picha za pasipoti kutwa nzima, zina wino wa aina sita: mweusi, njano, samawati, majenta, kisha samawati hafifu na majenta hafifu. Kijivu hakimo. Printa ikitakiwa kutoa kijivu, hukitengeneza kwa kuchanganya hizo rangi, na mchanganyiko ukiyumba kidogo tu jicho linauona: mara ukijani, mara uwaridi. Tena picha ileile huweza kuonekana safi dirishani, ukaipeleka chini ya taa ya LED ikageuka, kwa sababu kila rangi ya wino hurudisha mwanga kwa namna yake. Fundi wa studio usimlaumu. Ukimwambia atumie wino mweusi peke yake ukijani utaondoka, lakini sehemu za mwanga, kama kanzu na kofia, zitajaa vitone vilivyotawanyika kama pilipili manga juu ya wali.

Dawa ni printa yenye wino wa kijivu ndani yake. Mwaka 2005 Epson walitoa Stylus Photo R2400 ikiwa na weusi wa ngazi tatu kwa pamoja: mweusi wenyewe, kijivu, na kijivu hafifu. Waliweka pia njia maalumu ya kuchapa nyeusi na nyeupe, ambayo hutegemea hizo ngazi tatu na kudonoa rangi nyingine kidogo sana. Canon nao wana printa zenye wino wa kijivu. Kwa hiyo ukitafuta mahali pa kuchapisha, swali la kwanza lisiwe bei wala ukubwa. Uliza: ina wino wa kijivu? Na wino wake ni wa pigmenti? Pigmenti ni chembe zinazokaa juu ya karatasi, na kwa kawaida hustahimili mwanga kuliko wino wa rangi iliyoyeyushwa. Ukumbi wako una madirisha makubwa, jambo hilo si dogo.

Kuna habari moja ninaipenda. Mwanamuziki Graham Nash alikuwa pia mpiga picha, na alitaka kuzitoa picha zake za nyeusi na nyeupe kwa ukubwa. Alinunua mashine ya Iris 3047, iliyotengenezwa kwa ajili ya viwanda vya uchapaji kujaribia kazi kabla ya kuichapa, kwa dola 126,000. Mwaka 1991 yeye na mwenzake Mac Holbert wakafungua Nash Editions huko California, karakana ya kuchapa picha za sanaa kwa wino wa kurusha (inkjet). Wino wa Iris ulipauka upesi siku zile, lakini njia ilifunguka. Baadaye mchapaji Jon Cone, kule Vermont, Marekani, alikwenda mbali zaidi: aliziondoa rangi zote kwenye printa na kujaza kila tundu wino mweusi wa ngazi tofauti, unaotokana na kaboni. Mtindo wake unaitwa Piezography. Nimeona picha zilizotolewa hivyo na sijui niseme nini zaidi ya kwamba zinapumua.

Sasa uso wa bibi.

Wapiga picha wa Marekani Ansel Adams na Fred Archer waliigawa picha kwenye ngazi 11, kuanzia 0 ambayo ni weusi mtupu hadi 10 ambayo ni weupe wa karatasi. Ngozi ya Mzungu iliyopata mwanga wa kutosha huwekwa ngazi ya 6, na ngozi nyeusi ya 5. Bibi yako hakupata mwanga wa kutosha. Amekaa ukingoni mwa kivuli, mwanga unamjia upande mmoja. Shavu la kushoto, kwa macho yangu, liko kwenye ya 4, na la kulia limeshuka hadi ya 3 au chini yake. Maana yake uso wote, mikunjo ya macho, mdomo, ile alama ya shavuni, vyote vinaishi kwenye nusu ya chini ya kipimo. Na huko ndiko wino na karatasi hufanya uzembe. Wino ukilowea kwenye karatasi hutanuka, ngazi za giza zinaungana, na mtu anapotea. Shati jeupe la mjukuu pembeni litatoka vizuri sana, na watu watasema picha ni nzuri, kumbe mwenye picha hayupo. Silikubali hilo. Watu wetu wamepigwa picha vibaya miaka mingi kwa mitambo na vipimo vilivyopangwa kwa ngozi nyingine, na sisi tukiwa na zana hizi mikononi hatuna sababu ya kuendeleza.

Ukifika Zanzibar, pita Capital Art Studio, ile aliyoianzisha Ranchhod Oza mwaka 1930. Tazama picha za zamani zilizosafishwa kwenye chumba cha giza, simama karibu, uone jinsi giza lilivyo na vitu ndani yake. Hicho ndicho kipimo chetu.

Karatasi ina nguvu kubwa hapa. Ile ya pamba isiyong'aa, kama Photo Rag ya Hahnemühle, ni nzuri kuishika na kuitazama, haina mng'ao wa kumsumbua mtazamaji. Lakini weusi wake wa mwisho hufika densiti (kipimo cha weusi) ya 1.6 au 1.7 hivi, yaani bado inarudisha asilimia 2 hivi ya mwanga. Karatasi ya barita, yenye mng'ao wa utulivu, huweza kupita 2.2, ikifika 2.3 inarudisha nusu asilimia tu. Weusi ukishuka chini zaidi, ngazi zilizo juu yake hupata nafasi ya kuachana. Kwa picha za jua la pwani, majahazi na ngome, ningekwambia tumia pamba bila kusita. Kwa nyuso hizi, nachagua barita. Kumbuka kila moja ina wino wake mweusi: wa karatasi zinazong'aa na wa zisizong'aa. Fundi akikosea hapo, weusi utatoka kama majivu.

Kabla ya kuchapa chochote, mwambie atoe ukanda wa majaribio wenye vipande 21, kutoka weupe hadi asilimia 100 ya weusi, kila kimoja kikizidi kingine kwa asilimia 5. Ukiukausha na kuutazama dirishani, angalia mwisho wake. Je, 85 na 90 na 95 zinatofautiana? Zikiwa zimeshikana, basi angaza kidogo sehemu za giza tu kwa zana ya mkunjo (curves) kwenye programu ya picha, chapa tena. Usiangaze picha nzima, utaharibu anga na kanzu. Halafu punguza mwanga wa kioo cha kompyuta yako. Naamini kimewashwa mwisho, ndiyo maana huko kila kitu kinaonekana na kwenye karatasi hakionekani. Kandela 100 kwa mita ya mraba zinatosha.

Mengine ni ya haraka. Unyevu wa pwani huikunja karatasi, nayo ikikunjika hugusa kichwa cha printa na kuacha michirizi, basi ibaki kwenye mfuko wake hadi dakika ya kuchapa. Picha ikitoka, ilaze siku nzima kabla ya fremu, la sivyo mvuke wa wino utafanya ukungu kwenye kioo. Na kioo kisiguse picha: weka paspatuu, ile fremu ya kadibodi, katikati.

Ninachokuomba ni hiki. Nitumie faili la bibi katika TIFF ya biti 16, si JPEG iliyopitia WhatsApp. Kwa ukubwa wa A3 na nukta 300 kwa inchi nahitaji pikseli 3508 kwa 4961. Nitatoa kipande cha uso tu kwa karatasi zote mbili, pamoja na ule ukanda, nikuletee kwa basi. Uvitundike palepale ukumbini, uvitazame asubuhi, na tena jioni taa zikiwaka, ndipo uniambie unachagua ipi. Wazee wengine tutawachapa baada ya hapo.

Nisalimie mama na watoto.

Wasalaam,
Sahibu yako