Usiniambie tumeshachelewa

Kulwa mwanangu,

Sisi huku hatujambo, mama yako anakusalimu sana. Kiangazi kimeshaingia na ng'ombe wameanza kwenda mbali kutafuta maji.

Nimeyawaza sana uliyoniambia kwenye simu, kwamba wewe na wenzako mmeona hakuna mazingira ya kuokoa tena, kwamba wakubwa wa dunia hawataki kubadilika, na hata masomo unayosoma huoni yatafaa nini. Hofu yako ina sababu. Joto linapanda kweli, na sisi wakulima tunaliona kwenye mvua. Lakini hilo neno "haiwezekani" silikubali, maana nililisikia kabla hujazaliwa, likisemwa juu ya ardhi yetu hii hii.

Wakati wa ujana wangu Shinyanga iliitwa jangwa la Tanzania. Tangu enzi za mkoloni misitu ilifyekwa ili kuwamaliza mbung'o, ikafuata pamba, mifugo ikazidi malisho, na operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970 ikawahamisha watu kutoka maeneo waliyokuwa wakiyatunza wenyewe. Bibi yako alipikia samadi kavu na vijiti vya pamba. Moshi wake ulikuwa mzito, unauma macho, na ugali wenyewe ulinukia moshi huo.

Mwaka 1986 serikali ikaanzisha HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga. Mwanzoni nguvu nyingi zilielekezwa kwenye vitalu vya miche. Baadaye ndipo wakaitilia maanani ngitili, ambayo Wasukuma tulikuwa nayo siku zote: unalifunga eneo masika, nyasi zinakua, unalifungua kiangazi malisho yanapokwisha kwingine. Kumbe visiki vya migunga vilikuwa bado hai ardhini! Vilipoachwa bila kukatwa wala kuliwa, vikachipua vyenyewe. Ngitili zilizojulikana wakati mradi unaanza zilikuwa kama hekta 600. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilishapita hekta 300,000.

Huko kuviacha ndiko kulikokuwa na kazi, na hapo ndipo nataka unisikilize. Mtu mwenye ng'ombe wengi wenye njaa alitakiwa apite pembeni ya nyasi zinazofika magotini asiingize hata ndama. Aliyeingiza alitozwa faini, na sungusungu waliisimamia bila kujali yeye ni tajiri au ni ndugu wa nani. Watu walinuniana. Vikao vilivunjika, vikaitishwa upya. Wanaosema haiwezekani wengi wao hawajawahi kukaa kwenye kikao cha namna hiyo, na ninaona kukata tamaa kunawavutia watu kwa sababu hakumtozi mtu faini wala hakumnyimi malisho.

Si Shinyanga peke yake. Petroli yenye madini ya risasi, iliyokuwa ikiwadhuru watoto ubongo, ilitumika dunia nzima. Nchi zetu za Afrika kusini mwa Sahara ziliiacha kufikia mwaka 2006, na Algeria, iliyobaki ya mwisho duniani, ikaacha kuiuza mwaka 2021. Siku hizi hata haizungumzwi, na nadhani ndiyo maana ninyi vijana mnafikiri hakuna lililowahi kutatuliwa.

Sikudanganyi, ngitili haitapoza dunia. Hata hizi tulizonazo haziko salama. Mkaa una soko, ardhi imekuwa finyu, na baadhi ya familia zimeshageuza ngitili zao kuwa mashamba. Kilichookolewa na baba zetu kinaweza kupotea mikononi mwetu, ndiyo maana nakuhitaji.

Mwezi ujao kijiji kinakaa kupitia upya sheria ndogo, na mkaa ndio ajenda ya kwanza. Nakuomba uulize walimu wako vijiji vingine vimeandikaje vifungu vyao: nani anaruhusiwa kukata, faini ni kiasi gani, na fedha yake inakwenda wapi. Niandikie kwa Kiswahili chepesi ili niweze kuwasomea wazee, na unitumie mapema, kabla mwenyekiti hajapanga tarehe.

Baba yako.