Kabla bumu halijaingia

Dodoma, Jumapili usiku

Mama Upendo shoga yangu,

Mbukwa! Huku wazima, upepo na vumbi kama unavyovijua. Mama mkubwa goti limetulia, kaanza tena kugombana na mafundi. Tuyaache hayo, nina shida na wewe.

Juzi usiku wa manane nikagongewa mlango. Kijana wa mwaka wa kwanza kazimika bafuni. Wenzake wamemmwagia maji, wamemlaza chali, mmoja anakoroga kahawa eti imzindue. Nikamgeuza ubavu kama ulivyonielekeza, matapishi yakatoka palepale. Angebaki vile chali... basi. Tulimkimbiza hospitali kwa bajaji, sasa mzima, akiniona anabadilisha njia.

Walikaa naye muda mrefu bila kuniita, na hilo ndilo linaloninyima usingizi. Nilipouliza wakanijibu, "Matroni, tungekuita tungefukuzwa chuo." Wanaogopa barua ya nidhamu kuliko maiti!

Kikaoni nikapendekeza kanuni: anayemwitia mwenzake msaada asiadhibiwe kwa ulevi wa usiku ule, na aliyezidiwa naye vivyo hivyo. Vyuo vingi vya Marekani wanayo. Yule bwana wa tai fupi akasema nalea walevi. Wakapitisha mabango. Ya mwaka jana yako kantini, vijana wanayaegemea wakipanga pa kwenda Ijumaa.

Unakumbuka viroba vya pombe kali vilipopigwa marufuku Machi 2017 tulivyoshangilia? Sasa ni vichupa. Pombe kali inamiminwa kwenye chupa ya juisi ya embe, mlinzi anaipungia mkono getini. Bangi ndiyo hata haifichwi, harufu inanifuata mpaka jikoni.

Halafu kuna binti wa ghorofa ya pili, kavaa miwani ya jua chumba cha kujisomea. Mpenzi wake kampiga usiku uleule. Shoga zake wanasema "alikuwa amelewa", kana kwamba chupa ndiyo iliyokunja ngumi. Nimempeleka dawati la jinsia polisi, fomu ya PF3 ya kutibiwa tumepata. Yeye naye hakupiga kelele, maana alikuwa amekunywa, akaogopa ataanza yeye kuadhibiwa. Unaona ninavyorudi palepale?

Bumu, hela yao ya mkopo, linaingia wiki ijayo, na usiku wa bumu unaujua. Njoo Alhamisi uzungumze nao. Zile picha za maini yaliyooza ziache, wanazicheka. Mlaze mmoja wao sakafuni, waonyeshe namna ya kumgeuza. Waambie kahawa haiondoi pombe mwilini, ni muda tu. Na wale wa heroini, maana wapo hata kama chuo hakitaki kusikia, wajue kwenda kliniki ya Itega kunywa methadoni ni matibabu, si kujipeleka polisi. Wewe watakusikiliza. Mimi ni matroni, nikifungua mdomo wanasubiri faini.

Zamu yako wiki hii ikoje? Bosi wako atakuruhusu, au nimpigie mwenyewe? Yule daktari kijana wa hospitali ya Mirembe anayependa kuchekesha mnaweza kuja wote? Nauli nitatoa mimi, chuo kitasema bajeti hakuna. Na ile kanuni, nimwandikie mkuu wa chuo peke yangu, au nikusubiri tusaini wawili, jina la muuguzi lisaidie? Upendo kapangiwa chuo gani? Usiniambie ni hapa!

Nijibu hata kwa sauti, ila kesho asubuhi usipige, nina ukaguzi wa vyumba.

Wako,
Mama Jose